Mswaki wa Dakta Kirk

Mtu ana mafua. Joto limepanda na mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Anaingiza mkono mfukoni, anatoa mswaki, anaanza kusugua meno. Mara uchungu unamjaa mdomoni. Hashtuki. Mpini wa mswaki huohuo ameshautumia mara kadhaa anapokunywa kwinini, kwa hiyo anaona ni mabaki ya dawa tu. Lakini mtu huyu ni daktari, na daktari akihisi jambo mwilini hujishika kifundo cha mkono na kuhesabu.

Mapigo yameshuka.

Kesho yake kaamka mzima, mafua yamekwisha. Alipopekua mfuko ndipo akakumbuka kwamba humo, pamoja na mswaki, alikuwa ameweka kidogo ya sumu ambayo wawindaji wa bonde la mto Shire, Malawi ya leo, hupaka kwenye mishale. Waliiita kombe.

Daktari mwenyewe ni John Kirk, yuleyule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, ambaye jina lake limebandikwa kwa kima punju wa Jozani. Kisa cha mswaki kimo katika maelezo ya safari ya Zambezi yaliyotoka mwaka 1865, na kimesimuliwa kwa mistari michache tu, kama jambo la kupita.

Kwangu hakijapita. Wiki kadhaa sasa kinanirudia, tena kwa swali la kijinga kabisa: daktari gani anaweka sumu ya mshale mfuko mmoja na mswaki?

Makini au mzembe?

Anayemjua Kirk kwa sifa zake atasema umakini ndio uliomtofautisha. Alizaliwa mwaka 1832 Barry, karibu na Arbroath huko Uskochi, akahitimu udaktari Edinburgh mwaka 1854. Wakati huo mwanafunzi wa udaktari alisoma mimea kwa lazima, kwa sababu duka la dawa lilikuwa ni majani, magome, mizizi na utomvu. Asiyeweza kutofautisha jani na jani angeweza kumuua mgonjwa kwa kukosea chupa.

Vita vya Krimea vilipopamba moto alipelekwa Renkioi, kwenye mlango bahari wa Dardanelles, kufanya kazi katika hospitali ya mbao iliyosanifiwa na mhandisi Brunel na kusafirishwa vipande vipande kutoka Uingereza. Nafasi alizopata alizitumia kupanda milima. Kwenye Mlima Ida aliokota ua dogo la buluu lenye jani moja pana, akalieleza na kulipa jina mwenyewe. Hadi leo watunza bustani wanalijua kwa jina la Muscari latifolium, na mbele ya jina hilo kwenye vitabu vya mimea husimama J. Kirk.

Basi mtu huyu alishajua kazi kabla hajafika Afrika. Hakuwa kijana wa kuokota maua.

Ndiyo maana mswaki unanisumbua.

Stima yenye pumu

Mwaka 1858 David Livingstone alifika mdomo wa Zambezi na msafara wa serikali ya Uingereza. Kirk aliandikwa kwa kazi mbili: tabibu, na mtaalamu wa mimea yenye faida. Hiyo "faida" si neno la bure. Serikali ilitaka kujua pamba inaota wapi, nyuzi ni zipi, mafuta yanatoka kwenye mbegu gani, mbao zipi zinalipa. Hooker wa bustani ya Kew, London, alishampa maelekezo.

Stima yao iliitwa Ma-Robert, na mabaharia hawakukawia kuibandika jina la Pumu, kwa jinsi ilivyokuwa ikikohoa. Bati lake la chuma lilikuwa jembamba, inchi moja ya kumi na sita, yaani kama milimita moja na nusu. Likatoboka hadi likawa chujio. Na ilikula kuni! Walisimama kila mara kukata miti, na kuni nzuri kuliko zote zilikuwa mpingo. Fundi wao wa mashine alilalamika kwamba moyo unamuuma kutia mti wenye thamani ile ndani ya tanuri. Fundi seremala yeyote wa Mtwara au Lindi atamwelewa.

Sasa fikiria kukausha mimea ndani ya chombo hicho.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unakata tawi lenye majani, ua na, ikiwezekana, tunda. Tawi lisizidi ukubwa wa karatasi, kama sentimita 42 kwa 26, na likizidi unalikunja. Unalitandaza kwenye karatasi ya kufyonza maji, na jani moja unaligeuza ili mgongo uonekane, kwa sababu vinyweleo na mishipa ya nyuma mara nyingi ndivyo vinavyotenganisha aina na aina. Juu unaweka karatasi nyingine, tawi jingine, karatasi, hadi lundo lishibe. Unabana kwa mbao mbili na mikanda. Kisha unabadilisha karatasi kila siku kwa siku tatu nne za mwanzo, unazianika zile zilizolowa, unazirudisha. Tawi likiwa gumu, halipindi ukilishika shina, limekauka.

Ni kwenye kubadilisha karatasi ndiko watu wanakoanguka. Kwenye delta ya Zambezi karatasi haikauki. Ukikosa kubadilisha siku mbili, majani yanapata ukungu mweusi, petali zinadondoka, na mende wanamaliza kilichobaki. Tunda nene halikubali kubanwa. Linakaushwa peke yake au linatiwa kwenye spiriti, nalo likipoteza namba inayoliunganisha na tawi lake, basi ni takataka.

Na lebo ndiyo roho ya kazi. Namba, mahali, tarehe, urefu wa mti, rangi ya ua likiwa bichi (maana likikauka rangi hupotea), jina la wenyeji, matumizi. Tawi zuri lisilo na lebo ni majani makavu. Tawi baya lenye lebo nzuri linaweza kutoa ushahidi miaka 150 baadaye.

Kwa hiyo ninamwona Kirk: anatibu homa za wenzake, anahesabu karatasi, mfukoni ana vitu vya asubuhi nzima. Mfuko wa mtu wa aina hii si mfuko wa kawaida. Ni meza yake ya kazi.

Hapo hukumu yangu ya uzembe ikaanza kulegea. Kidogo.

Vidonge vinne

Malaria ndiyo iliyompa kazi nyingi zaidi. Dawa waliyoitumia imeandikwa waziwazi: greini sita hadi nane za utomvu wa jalapi, rubabu kiasi hichohicho, greini tatu za kalomeli na tatu za kwinini, vyote vikakandwa kwa tincha ya iliki na kugawanywa vidonge vinne. Greini moja ni kama miligramu 65.

Angalia kilichomo. Jalapi inaharisha. Rubabu inaharisha. Kalomeli ni chumvi ya zebaki, nayo inaharisha. Kati ya viungo vinne, kinachogusa vimelea vya malaria ni kimoja tu, kwinini, na chenyewe ni kama miligramu 200. Mgonjwa mzima anayetibiwa kwa kwinini siku hizi hupewa kama miligramu 600 kila baada ya saa nane, siku saba. Kilichowaokoa ni kwamba baada ya vidonge waliendelea kutoa kwinini mpaka masikio yaanze kuvuma. Mvumo huo wa masikio ulikuwa ndio kipimo chao. Hawakuwa na maabara; sikio la mgonjwa ndilo lililowaambia dawa imetosha.

Walijaribu pia kunywa kwinini kila siku kama kinga, kiasi kidogo ndani ya divai ya sherry, wakaona homa inawapata vilevile. Wakahitimisha kuwa kwinini haikingi. Ukisoma leo unaona kosa lilipo: dozi ilikuwa ndogo mno. Jaribio lilikuwa sahihi, namba ndiyo haikuwa sahihi.

Kuna mengine ambayo dozi isingeyaokoa. Mwanzoni mwa mwaka 1862 Askofu Mackenzie, kiongozi wa misheni iliyowafuata wakina Livingstone kwenye nyanda za Shire, alipinduliwa na mtumbwi, sanduku la dawa likazama, naye akafa kwa homa tarehe 31 Januari bila hata chembe ya kwinini. (Misheni hiyohiyo ndiyo iliyohamia Zanzibar baadaye na kujenga kanisa la Mkunazini.) Miezi mitatu mbele, tarehe 27 Aprili, Mary Livingstone alifariki Shupanga. Dawa ilikuwepo, daktari alikuwepo. Lakini mgonjwa alikuwa akitapika bila kukoma, na kidonge kilichotapikwa hakitibu.

Sindano ya kwinini ingebadilisha mambo. Haikuwepo kwenye mkoba wake.

Kumbuka hilo la dawa kupita mdomoni. Tutalirudia.

Mtumbwi

Novemba 1860, wakirudi kutoka bara, walithubutu kupita maporomoko ya Kebrabasa kwa mitumbwi. Leo sehemu hiyo imelala chini ya maji ya bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Maji yakausukuma mtumbwi wa Kirk kwenye jabali lililosimama wima. Yeye alipona kwa kung'ang'ania mwamba. Vilivyokwenda na maji ni kronomita, baromita, maandishi yake ya safari, na michoro ya miti ya matunda ya bara.

Michoro ndiyo inayoniuma mimi, kama mpingo ulivyomuuma yule fundi. Tawi lililokauka lina umbo. Mchoro ulikuwa na rangi, unene wa tunda, namna linavyoning'inia. Vitu hivyo havirudi kwenye karatasi ya kubania hata ufanyeje.

Mtu mwingine angeacha. Kirk alianza upya kuandika, ila tangu hapo sauti ya shajara yake inabadilika. Inakuwa kavu, na kwa kiongozi wake inakuwa kali. Septemba 1862, Livingstone aliposhikilia kuupanda mto Ruvuma wakati wa kiangazi, boti zikikwama kwenye mchanga kila siku, Kirk aliandika kwamba hana hitimisho jingine ila kuwa Dakta Livingstone amerukwa na akili. Hakuyasema hadharani. Shajara zilichapishwa mwaka 1965, zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake.

Nimeyasoma maneno hayo kama utambuzi wa daktari zaidi ya tusi. Amemtazama mgonjwa, amehesabu, ameandika. Mei 1863, mwenyewe akiwa mgonjwa, akaondoka.

Kwa nini hakufa

Turudi mfukoni.

Kombe ni mmea unaotambaa na kupanda miti. Matunda yake ni maganda marefu, mawilimawili, na ndani mna mbegu nyingi zenye mkia wa nyuzi laini kama hariri, zinazopeperushwa na upepo. Mbegu ndizo zinazopondwa. Mshale wa kombe uliundwa kwa vipande viwili: chembe ya chuma imefungwa kwenye kijiti cha sentimita 25 hadi 30, na kijiti kimechomekwa kwenye tete. Mnyama akipigwa anakimbia, tete linaanguka, kijiti chenye sumu kinabaki ndani ya nyama.

Na nyama ililiwa. Walikata sehemu ya jeraha wakaitupa, nyingine wakaipika.

Hapo pana fumbo ambalo Kirk alilionja bila kulijua. Sumu inayomwangusha nyati inawezekanaje kuliwa? Jibu ni kwamba kombe ikipita tumboni, sehemu ndogo sana ndiyo inayoingia kwenye damu. Ikipita kwenye jeraha, inaingia yote. Mswaki ulimpa chembe tu, na chembe hiyo ikapita njia mbovu. Kama ufizi wake ungekuwa na kidonda kikubwa, pengine tusingekuwa na kisa cha kusimulia.

Ndani ya moyo, sumu hii hufunga pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye ukuta wa seli. Chumvi ya sodiamu inajaa ndani, kalisi inajaa nyuma yake, msuli unabana kwa nguvu zaidi, na mapigo yanapungua kasi. Kiasi kidogo kinausaidia moyo uliochoka. Kikizidi kidogo tu, moyo unabana na hauachii.

Umbali kati ya dawa na kifo ni mfupi mno.

Edinburgh, chuo kilekile alichosoma Kirk, Thomas Fraser aliichukua kombe akaichunguza miaka mingi, akapata kiini chake na kukiita strofanthini. Mwaka 1885 aliwatangazia madaktari wa Uingereza kuwa ni dawa ya moyo. Ikaingia madukani kama tincha ya kunywa, na hapo ndipo malalamiko yalipoanza: mgonjwa mmoja anapata nafuu, wa pili hapati kitu, wa tatu anaharisha. Mdomo ulikuwa njia mbovu, kama wawindaji wa Shire walivyokuwa wakijua kila walipokaa kula. Mwaka 1906 Albert Fraenkel, akiwa Strasbourg, aliipitisha kwenye mshipa wa damu, na sasa ikafanya kazi ndani ya dakika, kwa dozi ambayo baadaye iliteremshwa chini ya miligramu moja.

Miaka 20 na ushei ilipotea kwa kutotazama sahani ya mwindaji. Hiyo ni hukumu yangu, na ninaisimamia.

Chakazi

Mwaka 1866 Kirk alifika Zanzibar kama daktari wa ubalozi wa Uingereza. Wengi humkumbuka kwa siasa zilizofuata. Mimi namkumbuka kwa sandarusi.

Sandarusi ya mwambao ilikuwa ndiyo malighafi bora ya vanishi duniani, ile iliyopakwa kwenye magari ya farasi ya matajiri. Ilichimbwa Mrima, kwenye ardhi nyekundu ya kichanga, mashimo yasiyofika mbali chini. Wafanyabiashara wa Ulaya walibishana: hiki kitu kinatoka wapi? Ni madini? Ni utomvu wa mti uliotoweka? Mbona mahali inapochimbwa nzuri zaidi hakuna mti hata mmoja?

Sokoni Unguja hakukuwa na mabishano. Kulikuwa na majina. Sandarusi ya miti, inayogemwa mtini, laini. Chakazi, inayopatikana ardhini karibu na miti iliyo hai, haijakomaa. Na sandarusi yenyewe, ya kuchimbwa, ngumu, yenye vipele juu kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Wazungu walilichukua neno chakazi wakaligeuza mdomoni mwao hadi likawa "jackass", yaani punda kwa Kiingereza, na kwenye vitabu vyao vya biashara likakaa hivyo.

Kirk alichukua majina hayo matatu kama dhana ya kupimwa. Msandarusi una jani lililogawanyika pacha, vijani viwili vinatazamana kama kwato ya mbuzi. Basi akatafuta ndani ya vipande vya kuchimbwa, vile vilivyotoka pasipo na miti, akakuta majani na maua yamenaswa humo. Pacha. Mti uleule. Msitu ulishakufa na kuoza, utomvu wake ukabaki ardhini na kukomaa.

Makala yake kwa jumuiya ya Linnean ya London ni fupi, kurasa chache. Ninaipenda kuliko chochote alichokiandika. Swali lilifungwa kwa kuinua kipande cha sandarusi kwenye mwanga wa dirisha.

Kwa anayetaka kujua tofauti inalipa nini: ile ya mtini ukiidondoshea tone la spiriti inanata kwenye kidole, ile ya kuchimbwa haijali. Mpika vanishi huiyeyusha kwanza peke yake kwa moto mkali, moshi mwingi, hadi ipoteze kama robo ya uzito, ndipo anatia mafuta ya kitani ya moto na mwisho tapentaini. Akichanganya chakazi na sandarusi kwenye sufuria moja, chakazi inaiva mapema na kuungua, sandarusi bado ina madonge, na sufuria nzima inamwagwa. Ndiyo maana vile vipele vya juu vilithaminiwa. Gamba lilikuwa hati ya umri. Ilibidi liondolewe kwa kuloweka kwenye maji ya magadi makali na kupiga brashi, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanyika Salem, Marekani, sandarusi ikisafiri na mchanga wake.

Mabungo hayatoi mpira

Mpira ulikuwa hivyohivyo. Mtu wa pwani anajua mabungo, anajua juisi yake, anajua maziwa ya mbungo yanavyoganda mikononi na kunata. Mfanyabiashara mgeni akiona maziwa meupe yanatoka kwenye mzabibu wa mwituni, anadhani kapata mpira. Kirk alitenganisha. Mbungo wenye matunda makubwa haufai. Maziwa yake yanabaki kama gundi. Mpira mzuri unatoka kwa ndugu yake mwenye majani na matunda madogo, ambao Kew waliuita Landolphia kirkii.

Mgemaji huchanja gome vidonda vidogo vidogo, hanyunyizi chochote ila maji ya chumvi au ndimu, maziwa yanaganda papo hapo, anayavuta kama uzi na kuyazungusha hadi yawe tufe. Kosa la kwanza ni kuchanja mpaka kwenye mti wenyewe, mzabibu unakufa. La pili ni tamaa: kukata shina zima ili maziwa yatoke kwa mara moja. Wakala wa mjini naye ana shida zake. Anapasua tufe katikati kabla hajalipa, maana ndani mara nyingi mna mchanga, magome, au jiwe.

Kirk alitumaini biashara kama hii ingechukua nafasi ya biashara ya watu. Tarehe 5 Juni 1873 yeye na Sultani Barghash walitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa, baada ya Kirk kumwambia wazi kwamba akikataa, manowari za Uingereza zitaziba bandari. Sitaieleza zaidi, kila aliyepita darasa la historia anaijua. Ninachokaa nacho ni kwamba mkataba ulifunga soko na njia ya bahari, haukumfungua aliyekuwa shambani. Karafuu ziliendelea kuchumwa na watumwa hadi utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, yapata miaka kumi baada ya Kirk kuondoka. Yeye alikuwa na shamba lake la majaribio Mbweni, ameotesha miche kutoka kila upande wa dunia. Macho yaliyoweza kuona jani pacha ndani ya sandarusi yaliona pia mashamba yale.

Hapo sina utetezi wa kumpa.

Jina la mmea

Ukiandika kirkii utakutana na kima punju wa Unguja, na dikidiki ambaye sampuli yake ya kwanza ilitoka Barawa, na mzabibu wa mpira, na mimea mingine kadhaa. Hivyo ndivyo majina ya kisayansi yalivyogawiwa: anayetuma sanduku ndiye anayekumbukwa, na aliyeonyesha njia ya msituni hayumo kwenye lebo.

Lakini sanduku nalo lazima litoshe. Mwaka 1884 Kirk alituma Kew sampuli ya kimmea kidogo chenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Miaka mitatu baadaye W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa ambaye wapenzi wa ushairi wanamjua kwa kuhifadhi tungo za Muyaka, alituma nyingine. Hazikutosha kuelezea jenasi mpya. Zikalala. Mwaka 1893 kimmea hichohicho, safari hii kutoka Usambara kwa mkono wa ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, kikatangazwa Saintpaulia, na sasa kimo madirishani dunia nzima. Sampuli yenye maua bila tunda, au yenye majani bila maua, ni nusu ya neno. Kirk, mtu wa karatasi na lebo, alikosa jina maarufu kuliko yote kwa sababu ya sampuli pungufu.

Na kombe?

Daniel Oliver wa Kew ndiye aliyeuelezea mmea ule. Angeweza kuuita kirkii. Kila kitu kingine kiliitwa hivyo. Aliuita Strophanthus kombe, kwa neno la wawindaji wa Shire. Kwa sikio letu sisi neno hilo lina mzaha wake, maana kombe yetu ni ile inayoandikwa aya kwa zafarani kwenye sahani, ikasuuzwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Maneno mawili yasiyo na undugu, moja linaua kwa mshale na jingine linanyweka kwa shifaa.

Sasa naweza kujibu swali langu la kijinga. Ndiyo, ulikuwa uzembe. Mfuko ule haukupaswa kuwa na mswaki. Ila mzembe wa kawaida angesukutua maji, akalalamikia uchungu wa kwinini na kusahau. Kirk alihesabu mapigo siku ambayo hakuwa na sababu ya kuhesabu, kisha akarudi mfukoni kutafuta sababu.

Wauza dawa walipoanza kununua mbegu kwa magunia, tatizo likawa lilelile la sandarusi na la mpira: zinafanana, na si zote ni kombe. Strofanthasi ziko za aina nyingi. Basi wakawa na kipimo. Unachukua mbegu moja, unaikata kwa wembe kipande chembamba, unakidondoshea tone la asidi ya salfuriki. Kikigeuka kijani, endelea kupima. Kikigeuka chekundu, ni aina nyingine, rudisha gunia.